Njaa Isiyosikika Si Shibe

Mwezi wa Mei 2024, Gavana wa Mombasa, Bw. Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Kabla ya mwezi kwisha, Rais William Ruto alitamka kwamba marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu nayo ikaisimamisha. Tangu hapo tumesikia hoja za kila aina: za ushuru, za mamlaka ya kaunti, za riziki ya mkulima wa Mbeere, za meno na akili ya kijana wa Pwani. Hoja zote hizo zina uzito wake. Lakini lipo jambo moja nililolitafuta katika hotuba zile nisilione, nalo ni sahani ya chakula.

Mimi si tabibu. Taaluma yangu ni isimu, na kazi ya mwanaisimu, pamoja na mengine, ni kuyategea sikio maneno ambayo wenzake wameyazoea hata hawayasikii tena. Hebu tuyatazame mawili. Mswahili hatosheki kusema kwamba ana njaa. Husema anasikia njaa, na wengine, hasa huku Pwani, husema wanaona njaa. Maana yake ni kwamba lugha yetu huichukulia njaa kuwa ni habari. Hutoka mahali, humfikia mtu, naye ama huipokea ama haipokei. Neno la pili ni kula. Miraa kwetu huliwa. Twasema fulani yuko barazani anakula miraa, ijapokuwa jani lenyewe aghalabu hutafunwa, likakusanywa shavuni, maji yake yakamezwa na makapi yakatemwa. Kiswahili, bila shaka, hula vitu vingi visivyo chakula: watu hula rushwa, hula kiapo, hula njama, hula hasara. Ila katika orodha hiyo nzima hiki ndicho kiliwacho pekee ambacho kazi yake mojawapo ni kumzuia mlaji asile. (Vijana nao huiita ile hali ya kuchangamka kwa miraa handasi, ambalo katika kamusi ni jina la elimu ya uhandisi. Nadhani wahandisi wangekuwa na neno la kusema.)

Ndani ya jani bichi la miraa, na la muguka ambao ni wa mmea uo huo, mna kemikali iitwayo kathinoni. Umbo lake linakaribiana mno na la amfetamini, na kazi yake ubongoni ni ya namna hiyo hiyo: huifanya dopamini na noradrenalini zimwagike kwa wingi, mtu akachangamka, usingizi ukamkimbia na hamu ya chakula ikamtoka. Kathinoni haidumu. Jani likishachumwa huanza kuipoteza, na baada ya siku mbili hivi sehemu kubwa huwa imegeuka kathini, ambayo nguvu zake ni hafifu. Hiyo ndiyo sababu ya majani kufungwa katika makuti ya mgomba yasikauke, na ya magari ya miraa kwenda mbio kana kwamba yanafukuzwa.

Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Uingereza juu ya watu sita waliozoea miraa. Siku moja walitafuna miraa kwa saa tatu. Siku nyingine wakapewa majani ya saladi watafune badala yake, ili ulinganisho upatikane. Waliulizwa kuhusu njaa na shibe, na damu yao ikapimwa. Siku ya miraa walisema njaa imepungua na wanahisi wameshiba. Kumbe ghrelini, ile homoni ambayo tumbo huituma kuupelekea ubongo habari ya njaa, haikuathirika hata kidogo. Kilichokwenda sambamba na kupungua kwa njaa kilikuwa ni kiasi cha kathinoni katika damu. Watafiti wakahitimisha kwamba jambo hilo hutendeka zaidi ubongoni. Ningeweza kulieleza tokeo hilo kwa istilahi za kitaalamu, lakini Kiswahili cha kila siku kinatosha: mjumbe alifika na barua, ila mwenye nyumba alikuwa hasikii mlango ukibishwa. Uchunguzi mwingine umeonyesha kuwa chakula hukawia zaidi tumboni mwa mtu aliyekula miraa, jambo ambalo humwongezea ile dhana ya kushiba.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linamhusu mwalimu hata katika shule ambayo haijapata kuona jani la muguka. Amfetamini, ndugu ya kathinoni, ni dawa ya hospitali. Iko hali ya utotoni ambayo mtoto hushindwa kutulia, hushindwa kuyashika mawazo yake mahali pamoja, na hutenda kabla ya kufikiri, kwa kiwango kinachovuruga masomo na maisha yake. Matabibu huiita kwa herufi za Kiingereza, ADHD. Sisi hatujaipa jina. Tuna mtundu, mtukutu, mkorofi na kichwa maji, na yote hayo ni maneno ya lawama. Tafiti zilizokusanywa kutoka pande nyingi za dunia hukadiria kwamba watoto wapatao 5 katika kila 100 wanayo. Darasa la watoto 60, ambalo si ajabu kwetu, lingeweza kuwa nao watatu. Dawa zinazotumika zaidi ni vichangamshi, yaani methilfenidati na jamii ya amfetamini. Ni kinyume cha matarajio kwamba kichangamshi humtuliza mtoto asiyetulia, lakini ndivyo ilivyo, na faida yake imethibitishwa mara nyingi.

Historia ya dawa hizi ina funzo lake. Mwaka 1937 Dkt. Charles Bradley wa jimbo la Rhode Island, Marekani, aliwapa Benzedrine, ambayo ni amfetamini, watoto 30 wenye matatizo ya tabia waliokuwa chini ya uangalizi wake. Karibu nusu yao walibadilika katika masomo kwa namna iliyowastaajabisha wote. Mwaka 1944, huko Uswisi, mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba akaitengeneza methilfenidati, ambayo baadaye ilipewa jina la Ritalin kutokana na Rita, jina la mkewe. Katika muongo uo huo wa 1940, Wamarekani wazima waliokuwa wakitaka kupunguza unene walikuwa wakimeza amfetamini kwa shabaha hiyo tu. Tuseme basi kwamba kitu kilichouzwa kama faida kwa mtu mzima mnene, kwa mtoto anayekua ni dhara. Kidonge ni kile kile, tofauti ni mwili kilimoingia.

Je, dhara hilo lina ukubwa gani? Uchunguzi mmoja mashuhuri uliwahusisha watoto 579 wenye ADHD huko Marekani na Kanada, na matokeo yake ya kwanza yakatolewa mwaka 1999. Walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, wale walioanza dawa na kudumu nazo walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 na wepesi kwa takriban kilo 2.7 kuliko wenzao wenye hali hiyo hiyo ambao hawakuzitumia. Madaktari hawakuzitupa dawa kwa sababu ya kilo hizo. Waliamua kuzihesabu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018, kwa mfano, unaagiza mtoto wa miaka 10 au chini apimwe uzito kila miezi 3, na kimo kila miezi 6. Unashauri dawa imezwe pamoja na chakula au baada yake, si kabla. Mtoto aongezewe kitu cha kula asubuhi na mapema au jioni dawa inapokwisha nguvu. Na ikibidi, dawa isimamishwe kwa mpango wakati wa likizo ili mwili upate kufidia ulichopungukiwa.

Kilo 2.7, lakini, ni kilo za mtoto gani? Watoto wale walipimwa katika nchi ambamo wengi wao wakirudi nyumbani hukuta kabati lina mkate. Sisi tuteremke na mto wetu. Tana huchimbuka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita kandokando ya Mbeere palipo na mabwawa ya Masinga na Kiambere, ukapokea mito inayotoka vilima vya Nyambene, ndipo ukaingia nyikani na kuteremka Hola, Garsen, hadi Kipini baharini. Miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere, kwa hiyo, hunyweshwa na maji yale yale ambayo Mpokomo huyangojea kwa ajili ya mpunga na migomba yake, na Mworma kwa ajili ya ng'ombe wake. Maji yenyewe ama hayaji ama huja yote pamoja. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa na maziwa yakatoweka majumbani. Kisha yakaja mafuriko ya Novemba 2023, na mengine ya Aprili na Mei 2024, yakayameza mashamba na kuikata barabara. Mtoto aliyekulia katika miaka hiyo hana kilo mbili za kuchezea.

Garsen ni njia panda. Magari ya Malindi, ya Hola na Garissa, na yale yanayopinda Minjila kuelekea Witu na Lamu, yote hukutana hapo, na biashara ya majani huenda yanakokwenda magari. Nikisubiri basi pale Minjila niliketi na mwalimu mmoja wa sekondari, kijana mwenye bidii, ambaye sitamtaja yeye wala shule yake. Aliponifahamu kuwa nafundisha chuo kikuu alinieleza jambo ambalo bado nalifikiria.

"Mwalimu wangu," alisema, "muhula uliopita githeri ilikuwa ikibaki nusu sufuria kila mchana. Tukamwita mpishi, tukamwambia anaunguza maharagwe. Maskini mzee wa watu aliapa na kuapua."

"Kumbe?"

"Kumbe wale wa kidato cha nne walikuwa wananunua muguka kwa siri. Wanasema unawapa macho ya kusoma usiku. Yuko mmoja tuliyemsifu mbele ya wenzake kwa bidii. Suruali aliyoshonewa Januari, Julai anaifunga kwa kamba."

Nilimwuliza kama yupo aliyempima uzito kijana huyo. Akanitazama kama niliyeuliza kama yupo aliyempima kivuli. Shuleni kwao, alisema, mizani iliyopo ni ya stoo, ya kupimia mahindi.

Sitaki nieleweke vibaya hapa. Nikiliweka jani karibu na kidonge simaanishi kwamba ni kitu kimoja. Kidonge kina kipimo kinachojulikana kwa miligramu, kina saa yake ya kumezwa, na nyuma yake yuko tabibu anayeweza kukipunguza au kukisimamisha. Jani halina hata kimoja kati ya hivyo: nguvu zake hutegemea lilichumwa lini na limesafiri kwa muda gani, na anayelila hujiongezea mwenyewe. Mzazi asije akasema kwamba kwa kuwa Ritalin humsaidia mtoto wa Nairobi, basi muguka utamtuliza mtukutu wa Tarasaa. Wala, kwa upande wa pili, mzazi ambaye mwanawe ameandikiwa dawa asiogope kwamba amegeuzwa mraibu. Hofu hiyo naielewa, na Kiswahili kimechangia kuileta. Neno dawa limebeba kinachoponya na kinacholevya kwa pamoja. Mama akiambiwa kidonge cha mwanawe ni wa ukoo wa amfetamini, husikia moja kwa moja dawa za kulevya, akakitupa chooni. Wamepotea watoto kimasomo kwa kutupiwa dawa iliyokuwa ikiwafaa, na sikubaliani na wanaodhani kuwa kuiogopa dawa ni busara.

Kwa watoto wa Tana, hata hivyo, tatizo la kwanza ni kuifikia. Safari ya kumtafuta daktari bingwa wa akili aghalabu humfikisha mzazi Port Reitz, Mombasa, au Mathari, Nairobi. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikataa mwaka 2019, na tena mwaka 2021, kuiingiza methilfenidati katika orodha yake ya dawa muhimu, na nchi zenye hazina finyu huitazama orodha hiyo zinapoamua cha kununua. Lakini wapo wachache wanaoipata, na idadi yao itaongezeka kadiri walimu wanavyojifunza kuitambua hali hii. Mtoto huyo akirudi shuleni na kidonge chake, atakutana na kengele.

Hapa naomba walimu wenzangu wa shule za bweni wanisikilize kwa makini, kwa kuwa jambo lenyewe ni la saa tu. Dawa hizi humezwa asubuhi. Katika shule nyingi kengele ya uji hulia kumekucha, ya chakula cha mchana adhuhuri, na ya chakula cha jioni mapema, kabla ya masomo ya usiku; kisha jiko hufungwa kwa kufuli. Mtoto aliyemeza kidonge kabla ya uji hataumaliza uji. Adhuhuri, dawa ikiwa kileleni, atakizungusha kijiko katika githeri na kumpa jirani. Jioni huenda bado haijamwachia. Dawa huisha nguvu wakati wenzake wanajiandaa kulala, na hapo njaa iliyokuwa ikibisha hodi mchana kutwa husikika yote kwa mara moja, naye hana pa kuipeleka. Akikutwa jikoni usiku huo ataitwa mwizi. Akikosa chakula juma zima, na akawa mkali na machozi karibu, itasemwa kwamba dawa imemharibu akili, ilhali huenda kinachomharibu ni tumbo tupu.

Tiba ya hayo haihitaji bajeti ya wizara. Uji utangulie, kidonge kifuate. Sahani yake ya mchana isimwagwe wala asiadhibiwe kwa kuiacha, awekewe. Saa tatu usiku mwalimu wa zamu ampe kilichohifadhiwa kikiwa salama, au viazi vitamu, au ndizi, au maziwa kwa wanaoyapata. Kwa wasomi wa muguka nao, ambao hawana daktari wala kipimo, sahani inayorudi imejaa ni ishara ambayo mwalimu anaweza kuiona kabla hajaona jani lenyewe. Viboko havitamfanya mtu asikie njaa. Kinachofaa ni kumtoa kando, kumwuliza amekula nini tangu asubuhi, na kulichukua jibu lake kwa uzito ule ule tunaouchukulia utovu wa nidhamu. Kijana huyo huwaza kwamba ameishinda njaa kwa ajili ya mtihani. Aelezwe kwamba mwili umeendelea kudai, na kwamba deni hulipwa kwa nyama yake mwenyewe.

Watasema wengine kwamba namlundikia mwalimu kazi ya muuguzi. Ni kweli kwamba ana mzigo wa kutosha. Lakini kijitabu cha kliniki, kile ambacho ndani yake mama huandikiwa kilo za mwanawe mwezi baada ya mwezi, huishia mtoto anapotimu miaka 5. Baada ya hapo hakuna mtu ambaye kazi yake ya kawaida ni kumpima tena. Miaka yote ya msingi na ya sekondari, miaka ambayo mtoto hurefuka kuliko wakati mwingine wowote tangu uchanga, hupita bila ya nambari hata moja kuandikwa, na hiyo ndiyo miaka ambayo kichangamshi, cha hospitali au cha njia panda, humfikia.

Mimi ningependekeza Garsen ianze bila kumngoja mtu. Inahitajika mizani moja ya kusimama, ambayo zahanati iliyo karibu huenda ikakubali kuiazima, futi ya fundi cherehani iliyobandikwa ukutani, na daftari la mistari. Kila mwanafunzi apimwe katika wiki ya kwanza ya muhula na katika wiki ya mwisho, bila viatu, na kilo na sentimita ziandikwe mbele ya jina lake. Vipimo viwili kwa muhula vitatosha kutenganisha kilo zilizopotea nyumbani wakati wa ukame na zile zilizopotea shuleni, na mwalimu wa darasa atajua ni mlango upi wa kubisha. Matokeo yasisomwe mbele ya wanafunzi, maana wembamba na unene hugeuzwa haraka kuwa majina ya utani. Na atakayepungua kati ya wiki ya kwanza na ya mwisho, ilhali wenzake waliokula sufuria moja naye wameongezeka, aitwe yeye na mzazi wake kabla ya likizo kuanza.